Mkopo, Posho au Ujira? Nani Amlipe Mwanafunzi Anayechora Ramani za Tanzania

Kila mwaka mwezi Julai unapokaribia, maelfu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania hufungasha mizigo yao na kwenda "fildi". Ndivyo wanavyoyaita wenyewe mafunzo kwa vitendo, na neno hilo limekwisha kuzoeleka hata kwa wazazi vijijini. Kwa muda wa miezi miwili hivi hukaa katika ofisi za ardhi za halmashauri, kampuni za upimaji, mamlaka za maji na mashirika ya misaada, wakifanya kwa mikono yao yale waliyofundishwa darasani.

Miongoni mwao wamo wanaosomea mifumo ya taarifa za kijiografia. Hiyo ni elimu ya kukusanya habari za mahali, kuzihifadhi katika kompyuta na kuzigeuza kuwa ramani inayojibu maswali: nyumba zipi ziko katika njia ya maji, shule ipi iko mbali na kisima, kiwanja kipi hakina hati. Ni taaluma ambayo serikali zote za Afrika Mashariki zinasema zinaihitaji. Hata hivyo, kila msimu wa fildi huibuka swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha: mwanafunzi anayefanya kazi hiyo alipwe, na kama atalipwa, alipwe na nani?

Kwa msikilizaji wetu wa Biryogo au Rusizi, jambo hili laweza kuonekana kuwa la jirani tu. Lakini wapo vijana wa Rwanda wanaosoma katika vyuo hivyo, maji ya Akagera yanagusa pande zote mbili za mpaka, na swali lenyewe linaulizwa hapa kwetu pia.

Chuo kilichoanza na upimaji

Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, ambacho ni nguzo ya taaluma hii nchini Tanzania, kilianza mwaka 1956 kikiwa shule ya kufundisha mafundi wa upimaji wa ardhi. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikapata hadhi ya chuo kikuu kinachojitegemea. Katika safari hiyo ndefu vifaa vimebadilika sana. Mnyororo wa kupimia umepisha vipokezi vya setilaiti, na karatasi ya mchoraji imepisha kioo cha kompyuta. Jambo moja halikubadilika: mpimaji hafunzwi na ubao peke yake. Ni lazima atoke nje, akanyage tope, akosee na kusahihishwa.

Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba masomo na kazi viende pamoja. Mabishano yako katika masharti ya kuviunganisha.

Tandale, Msimbazi na Zanzibar

Mwezi Desemba mwaka 2011, mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam. Wengi wa walioathirika waliishi mabondeni, hasa pembezoni mwa Mto Msimbazi. Baadhi ya waliopoteza makazi walipelekwa Mabwepande, nje ya mji.

Miezi michache kabla ya maafa hayo, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wameingia Tandale wakishirikiana na wakazi kuchora ramani ya mtaa huo. Wakati huo, katika ramani za mtandaoni, Tandale ilionekana kama eneo tupu ingawa ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Vijana walipita vichochoroni na vipokezi vya setilaiti mkononi, wakaandika penye choo, penye mtaro, penye duka la dawa na penye jalala, kisha wakayaingiza yote hayo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaweza kuitumia na kuiongezea.

Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa kwa jina la Ramani Huria. Walioshiriki ni pamoja na Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Msalaba Mwekundu wa Tanzania na Benki ya Dunia. Wanafunzi walichora nyumba na barabara kutoka katika picha za angani, halafu wakaenda katika kata zilizo hatarini kuhakiki walichokichora. Waliwauliza wenyeji maji hufika wapi mvua inaponyesha, na mtaro upi huziba kwanza. Wajumbe wa mashina na wazee wa mitaa walikuwa na majibu ambayo hakuna setilaiti inayoweza kuyaona.

Mwaka 2016 ikawa zamu ya Zanzibar. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakiwa na Kamisheni ya Ardhi ya visiwa hivyo, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani ili kupiga picha za Unguja na Pemba, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Baadaye Chuo Kikuu cha Turku cha Finland kiliungana na vyuo vinne vya Tanzania, yaani Ardhi, Dar es Salaam, Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, katika mpango uitwao Resilience Academy, ambao umeyafanya mafunzo kazini ya ukusanyaji wa takwimu za namna hii kuwa sehemu ya shughuli zake.

Tuyatafakari mambo haya kwa pamoja. Vijana ambao bado hawajavaa joho walitoa ramani zenye manufaa kwa umma. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Mradi kama huo hauwezi kupiga hatua bila kujua nyumba ipi imesimama wapi na maji hupita njia gani. Anayeijaza ramani hiyo anafanya kazi yenye thamani, hata kama mfukoni mwake kuna kitambulisho cha mwanafunzi.

Fedha za namna tatu

Sisi tunaotafsiri habari huzoea kukwama kwenye maneno ya fedha. Lugha za kigeni huweza kutumia neno moja pale ambapo Kiswahili kina matatu, na kila moja lina maana yake. Fedha zinazomfikia mwanafunzi akiwa fildi nchini Tanzania zinaweza kuwa mkopo, posho au ujira.

Mkopo ndio unaotegemewa na wengi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huyahesabu mafunzo kwa vitendo kuwa mojawapo ya mahitaji yanayoweza kugharimiwa na mkopo, sambamba na chakula, malazi, ada na vitabu. Kwa mwanafunzi asiye na kitu, huo ni msaada mkubwa na hatuna budi kuukiri. Lakini mkopo hurudishwa. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Maana yake ni kwamba kijana anayeihakiki ramani ya mitaro ya halmashauri anajilipa mwenyewe kwa fedha za miaka yake ijayo. Halmashauri inabaki na ramani, na yeye anabaki na deni.

Posho ni jambo jingine. Hii huja na mradi, mara nyingi kutoka kwa wafadhili wa nje, na hukusudiwa nauli na chakula. Mwenye bahati ya kuwa chuoni mwaka ambao mradi upo huipata. Mdogo wake anayefika miaka miwili baadaye hukuta mradi umefungwa na kompyuta zimefunikwa. Posho haina mkataba wala haipandi kadiri ujuzi unavyopanda, na anayeikosa hana pa kudai.

Ujira ni malipo ya mwajiri kwa kazi iliyofanyika, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Hii ndiyo fedha adimu kuliko zote kwa mwanafunzi. Tanzania ina huduma ya ajira ya serikali, TaESA, ambayo huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya kazini, na tangu mwaka 2017 serikali ina mwongozo wa mafunzo hayo. Utaratibu huo, hata hivyo, umekusudiwa aliyekwisha kuhitimu. Aliye mwaka wa pili bado yuko mikononi mwa mkopo, posho au mjomba.

Mjomba anapochagua taaluma

Mjomba huyo si mzaha. Mchukulie mwanafunzi aliyetoka Ngara, wilaya inayopakana nasi pale Rusumo. Anasoma Dar es Salaam na angependa kwenda fildi Dodoma, ambako wizara zimehamia na ambako kuna kazi nyingi za kupima viwanja. Akifika huko atahitaji chumba, nauli ya kila siku, chakula na fedha za kuunganisha simu na intaneti, kwa sababu ramani za siku hizi huchorwa kwa simu. Kama hana ndugu Dodoma na hana ujira, ataangalia ndugu yake anaishi wapi, kisha atafute ofisi yoyote iliyo karibu. Huenda akaishia kupanga mafaili katika ofisi isiyo na hata kompyuta moja yenye programu ya ramani.

Mwenzake ambaye baba yake ana nyumba mjini atakwenda kwenye kampuni yenye vifaa vipya, atajua kurusha ndege isiyo na rubani, na siku ya usaili wa kazi atakuwa na la kueleza. Wote wawili watapata shahada ya jina moja. Tofauti kati yao haikuletwa na akili wala bidii. Ililetwa na mahali ndugu zao wanapoishi.

Hapo ndipo madhara yanapozidi yale ya mtu mmoja. Wanaotoka Ngara, Kakonko au Micheweni ndio wanaozijua njia za maji na mipaka ya mashamba ya kwao. Wakikosa ujuzi kwa kukosa nauli, ramani za maeneo yao zitachorwa na wageni wasioyajua, na makosa yataonekana siku ya mgogoro wa ardhi au siku ya gharika.

Hoja ya waajiri na udhaifu wake

Waajiri nao wana hoja, na ni haki isikilizwe. Husema kwamba mwanafunzi wa miezi miwili ni mzigo. Mwezi wa kwanza anafundishwa, wa pili anaanza kuelewa, kisha anaaga. Afisa wa kumsimamia anaacha kazi yake, na kifaa kikiharibika gharama ni ya ofisi. Kwa nini basi alipwe?

Katika fani nyingi hoja hiyo ina uzito. Mwanafunzi wa udaktari hawezi kuachiwa mgonjwa peke yake. Katika taaluma ya ramani hali ni tofauti, kwa sababu kazi yenyewe hugawanyika vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinaweza kukaguliwa. Kuchora paa la nyumba kutoka kwenye picha ya angani hufundishwa kwa siku chache. Msimamizi akipitia kazi ya vijana kumi jioni, ataona kosa liko wapi na litarekebishwa kabla ya kesho. Mwanafunzi huanza kuzalisha mapema, na kila wiki anaweza kupewa jambo gumu zaidi.

Ushahidi wa jambo hilo hatuhitaji kuufuata mbali. Kati ya mwaka 2009 na 2013, Rwanda iliandikisha zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi. Kazi ya kuchora mipaka juu ya picha za angani ilifanywa kwa sehemu kubwa na wapimaji wasaidizi, watu wa maeneo yenyewe waliopewa mafunzo mafupi na kulipwa, mbele ya majirani waliothibitisha mpaka uko wapi. Kama taifa zima liliweza kuandikisha mashamba yake kwa mikono ya watu wasio na shahada, ni vigumu kukubali kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu hana anachoweza kuongeza.

Kinachobaki katika hoja ya waajiri ni muda, na hapo wana haki. Nchi zilizofanikiwa kuunganisha masomo na kazi ziliurefusha muda kwanza. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada, kilichoanza mwaka 1957 kwa mtindo huu, hupishanisha vipindi vya masomo na vipindi vya kazi yenye malipo, kila kimoja miezi minne, na somo la ramani na upimaji ni miongoni mwa yanayofundishwa hivyo. Katika jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani, utaratibu ulioanzishwa mwaka 1974 humfunga mwanafunzi na mwajiri mmoja kwa mkataba wa miaka mitatu, akienda chuoni na kurudi kazini kila miezi mitatu huku akilipwa mwezi kwa mwezi. Mwajiri hupata hasara kidogo mwaka wa kwanza na kuifidia mwaka wa tatu. Ujira na muda hutegemeana: ukiacha muda kuwa miezi miwili, mwajiri atakwepa kulipa, na asipolipa, hakuna mwanafunzi maskini atakayemudu muda mrefu zaidi.

Fedha zitoke wapi?

Tanzania si Ujerumani, na halmashauri nyingi hazina fedha hata za mafuta ya gari la ofisi ya ardhi. Lakini haianzi mikono mitupu. Waajiri wa nchi hiyo hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliishusha kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Kenya nayo ina tozo yake: mwajiri hutoa shilingi 50 za nchi hiyo kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, ingawa huko pia wanafunzi wengi humaliza mafunzo yao bila kulipwa.

Kwa hiyo waajiri wanachangia tayari. Kinachokosekana ni njia ya kuirudisha sehemu ya fedha hizo hadi kwa kijana aliye mtaani na simu yake. Kampuni ya upimaji inayomsainisha mwanafunzi mkataba wa miezi sita na kumlipa ingeweza kupunguziwa tozo kwa kiasi hicho. Halmashauri isiyo na fedha ingeweza kutengewa nafasi chache za kulipiwa kutoka mfuko huohuo, zikianzia wilaya za mbali. Na pale ambapo mradi wa mabilioni unahitaji ramani, ujira wa wanafunzi wanaoichora uwemo katika bajeti tangu mwanzo, kama zilivyomo gharama za magari na washauri.

Ipo hatari ya kuangaliwa pia. Mwajiri anayelipa anaweza kumgeuza mwanafunzi kibarua wa kuchora mapaa kuanzia asubuhi hadi jioni, miezi yote, bila kumfundisha kuichambua ramani aliyoichora. Dawa yake ni mhadhiri kumtembelea mara kwa mara na kukikagua kitabu chake cha kumbukumbu za kazi, na mkataba kutaja mambo atakayojifunza pamoja na kiasi atakacholipwa.

Yanayotuhusu

Huku kwetu tunakuita kwimenyereza umwuga, kujizoeza taaluma. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo chake cha taarifa za kijiografia, na mahitaji hayana haja ya kuelezwa kwa kirefu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na Mto Sebeya ukafurika hadi ndani ya nyumba za Rubavu. Waliokaa kando ya mto huo waliyajua maji yake kama wakazi wa Jangwani wanavyoyajua ya Msimbazi. Ujuzi huo wa wenyeji unamhitaji mtu wa kuuweka katika ramani kabla ya mvua nyingine.

Mwezi Mei mwaka 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Soko la pamoja, lililoanza Julai 2010, lilikuwa limekwisha kutambua haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka. Mwanafunzi wa ramani amesimama katikati ya mambo hayo mawili. Akivuka kama msomaji, vyeti vyake vinazidi kutambulika. Akivuka kwenda kujifunza kazini, mara nyingi hana mkopo wa nchi aliyokwenda wala ujira wa ofisi iliyompokea. Kijana wa Kirehe anayesoma Dar es Salaam angeweza kufanya fildi yake Ngara, na wa Ngara akafanya yake Kirehe, wakaichora Akagera kwa pande zote mbili. Mto ni mmoja, na ukifurika haumuulizi mtu pasipoti.

Watunga sera wa Dodoma na wa Kigali watakapoketi kupanga mafunzo ya vijana wao, watasikia mengi kuhusu vifaa, programu na setilaiti. Itafaa mmoja wao aulize pia kijana atalala wapi usiku wa kwanza wa fildi, na chumba hicho kitalipiwa kwa mkopo, kwa posho au kwa ujira. Jibu watakalotoa ndilo litakaloamua ni watoto wa nani watakaochora ramani za nchi hizi.